Wimbo wa Kufungia Dansi

Kipande cha nne nacho kilikuwa kizuri mno, na uzuri huo ndio uliokuwa tatizo lake. Mwajabu alikisikiliza tena, safari hii akiwa ameyapa maspika mgongo na kujishughulisha na kumenya chungwa, kwa maana ndivyo alivyojifundisha kupima muziki wa mahali: usiusikilize, fanya jambo jingine, kisha ujiulize kama umeusikia. Alipofika katikati ya chungwa mkono ukasimama wenyewe. Zeze lilikuwa limepanda kidogo, likatetemeka kama mtu anayejizuia kulia, na yeye akasahau kwamba alikuwa anamenya.

"Hapana," alisema peke yake. "Wewe utawaliza watu bure."

Alikuwa anatafuta muziki wa Mtaa wa Ngozi. Katika mchezo wa kompyuta aliokuwa akiutilia sauti, Mtaa wa Ngozi ulikuwa upande wa chini wa mji uitwao Batini, mji uliofunikwa kwa paa moja la bati kutoka ukuta hadi ukuta, usio na mbingu. Moshi wa matanuri ulipanda, ukagonga bati, ukarudi kwa wenyewe. Wakazi walivaa barakoa za gunia. Asubuhi walipanga foleni ya hewa safi, jioni foleni ya taa, na vipaza sauti vilivyoning'inia kila kona viliwaambia lini waamke na lini wanyamaze. Ulikuwa mji wa kubuni, wenye dhiki ya kubuni. Lakini watu waliokuwa wakiishi ndani yake saa ile walikuwa wa kweli, nao walikuwa wamelala ghorofa mbili chini ya kiti cha Mwajabu, safu kwa safu, katika ubaridi wa Ukumbi wa Kivuli.

Kwa mafundisho ya Mwajabu mwenyewe, ambaye hakuwahi kukaa darasa la muziki hata siku moja, muziki wa mahali una sehemu tatu. Kuna sakafu, yaani mvumo wa chini usiokatika, ambao mtu huujua siku unapozimwa tu. Kuna ukuta: nyundo, mikanda ya mashine, nyayo za foleni, vyote vikipangwa viwe mdundo. Na kuna dirisha, ambalo ni sauti ya ala inayokuja mara moja moja, ikapita. Mji wa dhiki hujengwa kwa sakafu nene na kuta ndefu. Madirisha yawe machache. Yakizidi, watu huacha kazi wakakaa dirishani; yakikosekana kabisa, hufa moyo. Kazi yake yote kwa miaka mitatu ilikuwa hiyo: kupima ni madirisha mangapi mtu aliyefungiwa anaweza kupewa.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Yusta, muuguzi wa zamu, bado amevaa sweta la ukumbini ingawa huku juu joto lilikuwa la kumkausha mtu mate.

"Dada Mwajabu, njoo umwone mama yako."

Chungwa likamdondoka. "Ana nini?"

"Anatembea."

"Anatembea wapi, Yusta? Mama amelala tangu Juni."

"Ndiyo hivyo. Anatembea amelala."

*

Ukumbi wa Kivuli ulijengwa pale ilipodhihirika kwamba mji hauwezi tena kuwanywesha na kuwapoza watu wake wote wakati wa kiangazi. Waliombwa wazee kwanza, na wagonjwa: ingieni Kivulini jua likiwa kali, mlale baridi, mtaamshwa mvua ikinyesha. Mwili uliolala huhitaji maji kidogo sana. Akili ndiyo iliyoleta taabu, maana akili hailali miezi. Basi ikapewa mchezo.

Mwanzoni walipewa bustani, mito na ndege. Mvua iliponyesha wakaamshwa, wakatazama vumbi la mitaa yao, na wengi wakakataa kula. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekaa ukingoni mwa kitanda akimuuliza kila apitaye njia ya kurudi mtoni, mpaka sauti ikamkauka. Ndipo ikabuniwa Batini. Mtu aliyehangaika Batini, akiamka akaona mbingu, hushukuru hata kama mbingu yenyewe haina wingu. Na mtu mwenye foleni ya kupanga hahesabu siku.

Mwajabu hakuwa na uhakika kama jambo hilo lilikuwa jema au baya. Alikuwa ameona watu wa bustani na alikuwa ameona watu wa Batini, na wa Batini walikuwa wanakula. Ndiyo maana Juni iliyopita alimshika mama yake mkono mwenyewe akamlaza.

Sasa alisimama miguuni pa kitanda hicho hicho. Bi Siwema alikuwa amelala chali, uso umetulia, na chini ya shuka nyayo zake zilikuwa zinasogea: ya kulia, ya kushoto, ya kulia, polepole, kama za mtu aliye katika foleni isiyokwenda. Visigino vilikuwa vimechubuka. Yusta alikuwa amevifunga pamba, na pamba yenyewe ilianza kuwa na doa.

"Si yeye peke yake," alisema Yusta. "Angalia safu nzima. Hawa wagonjwa vijana wametulia kama maji mtungini. Wazee ndio wanaotembea. Mapigo ya moyo yamepanda kwa wote. Umewawekea nini huko, dada?"

Kioo kidogo kilichofungwa kwenye kitanda kilionyesha mahali alipo mlalaji ndani ya mchezo. Cha Bi Siwema kilisema: Lango Kuu. Mwajabu akasogea kitanda cha pili. Lango Kuu. Cha tatu, Lango Kuu. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa safu, na vya wazee wote vilisema hivyo hivyo.

Lango Kuu la Batini lilikuwa bamba la chuma lenye kimo cha mnazi, na halikuwahi kufunguka. Halikuwa na wa kulifungua. Waliobuni mji walijenga upande mmoja tu. Nyuma ya chuma hapakuwa na kitu, hata giza.

Jumatatu iliyopita Mwajabu alikuwa ameweka dirisha pale. Alilikuta katika kanda za zamani za redio, zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta bila maelezo: bendi iliyoitwa Mkondoa Jazz, magitaa mawili, saksafoni, hakuna maneno. Lilikuwa pigo la mwisho katika kanda. Alilipenda kwa sababu lilikuwa zito na pole, lenye kushuka ngazi kwa ngazi bila haraka, likafaa lango lisilofunguka. Alilipima kwa njia yake, akafua soksi nalo, akafagia nalo, na halikumsimamisha mkono. Akalipunguza mwendo kidogo, akalitia kutu, akaliachia lisikike kila zamu ya kazi inapokwisha.

"Wimbo tu," alimjibu Yusta. "Nimeweka wimbo tu."

*

Alivaa kofia ya kuingilia mchezoni, akaingia Batini kwa sura ya mfagiaji. Ndiyo sura waliyopewa mafundi wote wanaokwenda kukagua mji: ufagio wa chelewa, barakoa ya gunia, na sauti iliyokwaruzwa isifanane na ya mtu yeyote. Masharti yalikuwa mawili. Usijitambulishe, na usimwambie mlalaji mahali alipo.

Wimbo ulikuwa unapigwa alipofika. Wazee walikuwa wamejaa kuanzia langoni mpaka mbali kwenye nguzo za taa, na alichokiogopa, yaani ghasia au kilio, hakikuwapo. Walikuwa wamevaa viatu. Wanawake wameshika mikoba ya gunia kwapani, wanaume wamefunga vifungo vya juu vya mashati. Walisimama wawili wawili wakizungumza chini chini, kama watu waliokwisha kuagana na wanangoja tu mlango.

"We mfagiaji, usitutimulie vumbi. Tumeshajipangusa."

Alikuwa mama yake. Amevuta barakoa shingoni, jambo lililokatazwa Batini, na nywele amezibana kwa kipande cha waya.

"Samahani, mama. Mnangoja nini hapa?"

"Tunangoja wafungue. Dansi limekwisha."

"Dansi gani?"

"Usimchoshe, Siwema," alisema mzee mmoja mrefu aliyekuwa kando yake, mwenye mabega ya mpanda baiskeli. "Labda kwao huyu hawachezi. Kwao wanafagia tu."

"Nyamaza, Kaombwe, wewe mwenyewe ulikuwa unacheza kama unazima moto." Watu wa karibu wakacheka. Bi Siwema akamgeukia mfagiaji, akamwelekeza kidole kwenye kipaza sauti. "Husikii hiyo? Hiyo ndiyo ya kufungia. Kila bendi ilikuwa na yake, na watu wa mji waliijua. Hawakuambii 'tokeni', si adabu kumwambia mgeni wako atoke. Wanakupigia hiyo. Ukiisikia, hata uwe umekaa na bwana anayetaka kukuoa, unaacha glasi unatafuta viatu. Na mwenye ukumbi anafungua milango yote miwili. Ndiyo heshima yake yeye."

Mwajabu alishika ufagio kwa mikono miwili. Pigo la mwisho katika kanda. Alikuwa amelisikia kwa masikio na hakujiuliza kwa nini limewekwa mwisho.

"Na kama mlango haufunguki?"

"Basi mwenye ufunguo hana adabu."

"Kwenu ni wapi, mama?"

Bi Siwema alikunja uso. Kivuli hakifuti akili ya mtu. Humsahaulisha mlango aliouingilia, na vingi vilivyo nyuma ya mlango huo huwa kama vitu vilivyo chini ya maji. "Kwangu..." alisema. "Pana ukumbi wa mbele umepakwa buluu. Pana binti yangu, hodari wa masikio, mvivu wa kufagia." Akatikisa kichwa kama mtu aliyekaribia kulikumbuka jina, likampita. "Nikifika nitapajua."

Kaombwe akakohoa. "Wasije wakatufanyia mchezo wa Mkondoa hawa."

"Mchezo gani?" aliuliza Mwajabu.

"Ah, ule!" Bi Siwema alicheka, na uso wake ukapungua miaka. "Mwenye baa akiona bia zimebaki, anamkonyeza kiongozi wa bendi. Wanapiga ya kufungia, tunainuka, tunavaa viatu, tunafika mlangoni, mguu mmoja nje. Pa! Ngoma inarudi, gitaa la tatu linaingia, moto mtupu. Nani atatoka? Tunarudi ndani tunacheka kama wajinga mpaka jua linachomoza."

"Hamkuchukia?"

"Tuchukie nini? Nilikuwa kijana na nyumba yangu nilijua ilipo. Ukijua nyumba yako ilipo, kucheleweshwa ni starehe." Kicheko kikaisha. Alilitazama lile bamba la chuma kutoka chini mpaka lilipopotea kwenye moshi. "Sasa sikiliza, mfagiaji. Wewe ni mtu wa hapa. Nenda kamwambie mwenye ufunguo: Siwema binti Mbaruku anataka kwenda nyumbani."

*

Juu ya mlango wa Ukumbi wa Kivuli kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa rangi, ambayo kila anayeingia alisomewa kabla ya kulazwa. Atakayeomba kutoka, kwa kinywa chake, mbele ya mtumishi, ataamshwa. Hakuna aliyewahi kuomba. Asiyejua kwamba amelala haombi kuamshwa.

Msimamizi wa ukumbi, Bwana Laurenti, alimsikiliza Mwajabu mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nani amelisikia ombi hilo?"

"Mimi, Mkuu."

"Wewe si mtumishi wa mji. Wewe ni fundi wa sauti."

"Nilikuwa na ufagio."

Laurenti alikaribia kucheka, akaacha. Alichukua rundo la funguo mezani. "Njoo."

Walishuka mpaka kwenye chumba cha matangi, ambako ukuta wa nje ulikuwa umechemka kiasi cha kutoweza kuguswa. Milango ya nje ilifungwa kabla ya jua kupanda na haikufunguliwa mpaka lizame. Wafanyakazi nao walikuwa wafungwa wa jengo, tofauti ni kwamba wao walijua. Laurenti alisimama mbele ya tangi kubwa, akainua mkono juu kabisa, akaligonga kwa funguo. Ngoma tupu. Akashuka kifuani. Tupu. Akainama kiunoni. Tupu. Akapiga magoti sakafuni, na hapo, kiganja kimoja juu ya saruji, sauti ikabadilika ikawa butu.

Mwajabu hakuhitaji kuambiwa. Masikio yake yalikuwa yameshajibu.

"Mtu aliyelala anatosheka na chupa," alisema Laurenti akiwa bado amepiga magoti. "Aliye macho anataka ndoo. Nikimwamsha mama yako kwa ombi, na wale wote pale langoni wanalo ombi hilo hilo mdomoni, nitawanywesha nini?"

"Waliambiwa Novemba, Mkuu. Novemba imepita."

"Waliambiwa mvua. Novemba waliongeza wenyewe, kwa mazoea." Alisema bila ukali. "Hata mimi niliongeza."

Akainuka, akajipangusa magoti. "Sikuombi uwadhuru. Nakuomba uwatoe pale mlangoni kabla visigino havijafika mfupa. Wewe ndiye uliyewapeleka kwa muziki, warudishe kwa muziki. Kesho asubuhi. Ukikosa, makao makuu wataweka muziki wa kwao, na mimi nimeuona ulivyofanya kazi katika ukumbi mwingine. Unatuliza kweli. Mvua iliponyesha wakaamshwa, wakakaa pale walipokalishwa. Hakuna aliyeuliza kitu mpaka leo."

*

Alirudi kwenye kibanda chake akafanya kazi, kwa sababu kufanya kazi ndiko alikojua. Kanda ya Mkondoa Jazz ilikuwa na upande wa pili. Alisikiliza mpaka akakuta pigo lenye kasi inayolingana na lile la kufungia, ufunguo wa sauti ule ule, gitaa la tatu likiingia kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Akaviunganisha. Wimbo wa kufungia ulishuka ngazi zake, ukafika ya mwisho, ukanyamaza muda wa pumzi moja. Pa!

Mguu wake ukaitikia chini ya meza kabla yeye hajaamua.

Alijaribu tena akiwa amesimama, akajaribu akikunja shuka zake, akajaribu kwa sauti ya chini kabisa. Kila mara mwili ulirudi ndani. Hakukuwa na shaka. Ukiachiwa langoni, watageuka wote, watacheka, watarudi kwenye mashine zao na foleni zao. Mapigo yatashuka, visigino vitapona. Huenda mvua ingekuja wiki ijayo. Huenda mwezi wa pili. Wasingejua, na wasingeteseka kwa kutojua. Alijaribu kumwona Laurenti kuwa mtu mbaya akashindwa. Alijaribu kuuona wimbo huu kuwa dawa, na hapo alifanikiwa kwa kitambo. Dawa nyingi humezwa bila mgonjwa kuelezwa kilichomo.

Lakini ujanja wenyewe alikuwa amefundishwa na mama yake, langoni, mdomo kwa sikio. Na mama yake alikuwa amemwambia pia kilichoufanya uwe starehe. Angerudi ndani akicheka kama mjinga, safari hii asijue nyumba yake ilipo.

Hakuufuta. Aliuweka pembeni, akazima ule wa kufungia, na mvumo wa sakafu, na nyundo za ukuta. Kwa mara ya kwanza tangu Batini ibuniwe, pale langoni pakawa kimya. Akavaa kofia ya kuingilia.

*

Wazee walikuwa wanatazamana. Ukimya uliwafanya wazungumze kwa sauti ndogo zaidi.

"Umerudi," alisema Bi Siwema. "Mwenye ufunguo anasemaje?"

"Anasema maji hayatoshi."

"Maji yanahusu nini mlango?"

Basi Mwajabu akamweleza. Alisema taratibu, kwa maneno mafupi, kama anayemwongoza mtu gizani: kwamba mji huu ni wa kutengenezwa, kwamba yeye Siwema amelala kitandani mahali penye baridi, kwamba aliingia kwa hiari yake Juni, kwamba mvua haijanyesha. Kaombwe alifungua mdomo atanie, akaufunga. Bi Siwema alinyoosha mkono akaligusa lango, akaligusa tena kwa upande wa pili wa kiganja, kama mtu anayepima uji.

"Kwa hiyo nimelala."

"Ndiyo."

"Nakoroma?"

"Kidogo."

"Na wewe ni nani unayejua ninavyokoroma?"

Mwajabu aliinua mkono aivute barakoa, akakumbuka kwamba mafundi hawakuweka uso chini yake. Akaushusha. "Mimi ni yule mvivu wa kufagia," alisema.

Macho ya mama yake yakashuka mpaka kwenye ufagio. "Ndiyo maana umeushika kama mwiko," alisema, akakaza upya waya wa nywele. "Haya. Niambie yote. Nikiamka kuna nini?"

"Kuna kikombe cha maji asubuhi na kikombe jioni. Joto la kukutoa roho, na huwezi kutoka nje mchana. Ukibaki, utalala baridi na hutaona kiu. Ila sijui ni mpaka lini, na kesho asubuhi huenda wakaweka muziki ambao ukiamka hutauliza tena chochote."

"Unanishauri nini?"

"Nikikushauri nitakuwa nimekupigia wimbo mwingine, mama."

Bi Siwema alivuta pumzi ndefu ya moshi ule wa kubuni. "Kiu naijua," alisema. "Nilikulia kwenye kiu, nikakuzalia kwenye kiu. Huku kulala nisijue kama nimelala, sikujui. Niamshe." Kisha akamshika mfagiaji mkono wa kanzu. "Lakini usinisikilize mimi ukadhani umewasikia hawa. Muulize Kaombwe mwenyewe. Muulize na yule mwenye mkoba, na yule. Mmoja mmoja, na maji uyataje kama ulivyonitajia. Wala usipige muziki ukiwa unauliza."

Mwajabu alibonyeza kitufe cha sikioni. "Yusta. Siwema binti Mbaruku ameomba kutoka. Nimesikia kwa masikio yangu."

Yusta alishusha sauti. "Mkuu anajua?"

"Atajua."

"Dada, mimi nina watoto."

"Najua, Yusta. Sikulazimishi."

Kisha ikasikika sauti ya swichi, na mvumo mdogo wa blanketi la umeme. "Nimewasha," alisema Yusta. "Hataamka leo. Mwili wa miezi hii ukiupasha haraka unauua. Mpaka kesho mchana, na nisibanduke kitandani."

Pale langoni Bi Siwema alianza kupungua kama picha inayopigwa jua, kingo kwanza. Hakuogopa. Alikuwa anamtazama Kaombwe. "Jibu vizuri," alimwambia. "Usijibu kwa ujeuri."

Kaombwe alikaa chini kwenye vumbi, akanyoosha miguu. "Huko nje kuna ugali?"

"Upo. Kidogo."

"Nyama?"

"Hakuna, baba."

"Basi mimi nalala." Wachache wakacheka. Yeye hakucheka. "Nasema kweli. Kifua changu hakiwezi joto hilo, na maji yangu apewe Siwema. Lakini mvua ikinyesha, utakuja kuniambia? Wewe mwenyewe, si kipaza sauti."

"Nitakuja."

"Na huo muziki wao wa kesho?"

"Huo sijui kama nitauzuia, baba," alisema Mwajabu. Kaombwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji pungufu lakini ameihesabu mwenyewe.

Wa tatu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba. Yeye alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mume wake naye amelala humo ndani, maana asingeweza kuamua bila kujua. Mwajabu akamuuliza jina la mume. Hakulikumbuka. Akamweleza tu kwamba ana kovu kwenye nyusi na hupenda kulala upande wa ukuta. Ilibidi Yusta atume mtu apite vitanda vyote akitazama nyusi.

Alikwenda hivyo, mtu kwa mtu. Wengine walitaka kutoka, wengine kubaki, wengine walitaka kuelezwa tena tangu mwanzo. Mmoja alimtukana. Wengi walimwomba awaachie muda wafikiri, na Batini haikuwa imejengewa mahali pa kufikiria. Walikaa palepale chini. Taa za mji zilipoanza kufifia, alikuwa amefika kwenye nguzo ya kwanza, na nyuma ya nguzo hiyo vichwa viliendelea mpaka moshi ukavimeza.

Sikioni ikaja sauti ya Laurenti, imechoka. "Makao makuu wanapiga simu, Mwajabu. Nimewaambia fundi bado yuko kazini. Hilo ndilo neno langu la leo. La kesho sina."

"Nahitaji siku nyingi, Mkuu."

"Najua unachohitaji. Naona foleni kwenye kioo." Akakata.

Aliinua sauti yake iliyokwaruzwa ili wa nyuma wamsikie. Aliwaambia leo imetosha, kwamba mtu aliyechoka huuliza vibaya, kwamba kesho ataanzia pale pale kwenye nguzo, kama mlango wake mwenyewe wa kuingilia utakuwa bado haujafungwa. Aliwaomba wasiondoke.

"Tutakuwepo," ilijibu sauti moja ya kizee kutoka katikati ya moshi. "Twende wapi?"